Nimepaka chanjo ya rizobia kwenye soya ekari moja, ekari ya pili sikupaka. Mbona tofauti sioni?

#1 Mkulima wa Namtumbo
Wakuu, habari za jioni. Nina ekari mbili za soya zimepakana, udongo mwekundu uleule, na shamba lilikuwa la mahindi miaka mitatu mfululizo. Ekari ya juu nilipaka mbegu chanjo ya rizobia, yaani bakteria wanaoipatia soya naitrojeni, ule unga mweusi wa paketi ya gramu 100. Ya chini sikupaka kitu, nilitaka nione kwa macho yangu mwenyewe. Mbegu ni moja, nilinunua dukani, na zote nilipanda Desemba 28. Mbolea sijaweka hata kiganja, kwa sababu niliambiwa hawa bakteria wanatosha.

Leo ni siku ya 52, maua yameanza. Ekari zote mbili zimepauka sawasawa, ukisimama kwenye mpaka huwezi kujua ipi ni ipi. Soya imenawiri sehemu mbili tu: ukanda lilipokuwa zizi la ng'ombe la marehemu baba, na kuzunguka kichuguu kilichopo ekari ya juu. Hapo majani ni ya kijani kizito kama mchicha.

Nimeuziwa unga wa mkaa, au nimekosea mahali?

#2 Jembe Halimtupi Mkulima
Karibu chamani mkuu. Nakaa hapa, wataalamu waje.

#3 Mtu wa Urea
Mkuu pole, lakini jibu unalo mwenyewe. Zizi la ng'ombe limejaa samadi, ndiyo maana pamenawiri. Mmea unataka naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, hiyo ni hesabu isiyo na ubishi. Vijidudu vya kwenye paketi nani anavihesabu? Weka nusu mfuko kwa ekari sasa hivi kabla maua hayajaisha.

#4 Udongo Mwekundu
Mleta uzi, usiweke urea kwanza. Subiri nieleze.

Soya haili bakteria. Bakteria wanaingia kwenye mizizi, mmea unawajengea vinundu, unawalisha sukari, na wao wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ila mmea peke yake hauwezi kuigusa. Jambo hili halikuanza jana, Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilieleza tangu miaka ya 1880.

Sasa ukimwaga urea, mmea unaona chakula cha bure kipo kwenye udongo. Unaacha kujenga vinundu na vilivyopo unavikatia sukari. Kwa hiyo ushauri wa #3 unaweza kukupa majani mabichi ndani ya wiki moja, halafu hutajua kamwe kama chanjo ilifanya kazi.

Nenda shambani kesho asubuhi. Chimba miche mitano kila ekari, chimba kwa jembe, usivute, maana ukivuta vinundu vinabaki ardhini. Osha mizizi taratibu kwenye ndoo. Kisha pasua vinundu kwa ukucha uangalie rangi ya ndani. Chimba pia zizini na kwenye kichuguu. Ulete majibu.

#5 Mtu wa Urea
Udongo Mwekundu, sibishani na kitabu. Ila gunia halijazwi na vinundu.

#6 Mama Soya Njombe
Mwanangu wa Namtumbo, pole. Mimi msimu wa kwanza yalinikuta hayohayo. Swali langu ni dogo: paketi uliibebaje kutoka dukani hadi nyumbani?

Nauliza kwa sababu ile ni dawa yenye uhai, ni kama unabeba vifaranga. Duka nililonunua mimi (silitaji) walizipanga paketi dirishani jua linapiga tangu saa tatu. Nikaiweka kwenye mkoba nyuma ya bodaboda, saa mbili barabarani. Nikaichanganya na mbegu juu ya turubai katikati ya uwanja, nikaenda kupika, nikarudi kupanda mchana. Wale wadudu walikuwa wamekufa wote, nikapanda masizi.

Msimu uliofuata niliifunga kwa kitambaa kibichi nikaiweka juu ya mtungi chumbani. Siku ya kupanda nilichanganya chini ya mwembe. Unakoroga sukari kidogo kwenye kikombe cha maji ili unga ushike, unageuza mbegu kwa mkono polepole ngozi isichubuke, mpaka kila punje imekuwa nyeusi. Unapanda saa hiyohiyo na kufukia mara moja. Mbegu ikibaki wazi kwenye shimo jua linawamaliza.

#7 Mkulima wa Namtumbo
Asante mama. Nilinunua Songea mjini, nikapanda basi, paketi ikiwa kwenye begi juu ya injini karibu na dereva. Palikuwa na joto kweli, sasa ndipo linaniingia akilini.

#8 Jembe Halimtupi Mkulima
Hapo umewachemsha mkuu. Walishuka Namtumbo wakiwa supu.

#9 Fundi Mbegu
Kabla hatujalihukumu basi: mbegu uliyonunua ilikuwa na rangi? Kama ilikuwa ya waridi au nyekundu, ilishapakwa dawa ya ukungu, na baadhi ya dawa hizo zinaua rizobia palepale zinapogusana. Watu wengi wanapaka chanjo juu ya mbegu yenye dawa halafu wanalaumu chanjo.

Jambo la pili ni maji. Ulikorogea maji ya bomba? Yakiwa na klorini nyingi nayo yanaua. Tumia maji ya kisima, au ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha.

#10 Mkulima wa Namtumbo
Mbegu ilikuwa nyeupe ya kawaida, haina rangi. Maji ni ya mtoni.

#11 Kayongo Toka Siaya
Hamjambo kutoka Siaya, Kenya. Huku tunatumia chanjo inayotengenezwa Nakuru kwa utaalamu uliotoka Chuo Kikuu cha Nairobi, inaitwa Biofix. Kwa soya nimeona faida. Kwa maharagwe nimejaribu misimu miwili, sikuona kitu.

Lakini ndugu, huko kwenu udongo mwekundu wa mvua nyingi lazima una asidi. Hapa kwangu nilikuwa nimepanda kwa DAP, ile mbolea ya kupandia, miaka kumi bila kupumzika. Udongo ukawa mchungu, bakteria hawakai, hata mahindi yakakataa. Afisa wa kilimo alipima akaniambia nimwage chokaa. Baada ya chokaa ndipo vinundu vilikuja. Na hicho kichuguu chako kinakwambia jambo: mchwa hupandisha udongo wa chini wenye kalisiamu, asidi hapo hupungua. Ndiyo maana soya imependeza pale.

#12 Bwana Shamba Mstaafu
Nimefurahi kuona vijana mnajadili hili. Chanjo si ngeni nchini. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walitengeneza ya kwao ikaitwa Nitrosua, mimi niligawa kwa wakulima wa soya. Shida ilikuwa ileile aliyosema Mama Soya: kuifikisha kijijini ikiwa hai.

Ila naona hakuna aliyegusa fosforasi. Kinundu kina njaa ya fosforasi kuliko sehemu nyingine ya mmea, kwa sababu kuvunja naitrojeni ya hewani kunakula nguvu nyingi. Umelima mahindi miaka mitatu, umevuna na kuondoa, hujarudisha kitu. Ukampa mmea bakteria bila fosforasi, umemwajiri fundi bila kumpa msumari. Aliyekuambia usiweke mbolea yoyote alikupotosha. Unachoacha kwenye soya ni urea. TSP, ambayo ni mbolea ya fosforasi, unaweka, au Minjingu, ambayo ni mawe ya fosfati ya kwetu Manyara na kwenye udongo wa asidi inayeyuka vizuri, tena ina kalisiamu ndani.

Zizi nalo linaelezeka hivyohivyo. Samadi ina fosforasi, si naitrojeni peke yake.

#13 Mtu wa Urea
Mzee shikamoo. Kwa hiyo hata ninyi mnakubali mbolea ya dukani lazima.

#14 Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba. Nakubali fosforasi. Urea kwenye soya sikubali. Piga hesabu: soya ina protini karibu asilimia 40, kwa hiyo tani moja ya soya imebeba kilo 60 na zaidi za naitrojeni. Ungetaka kuilipia yote kwa urea ni mifuko karibu mitatu kwa kila tani, bado hujahesabu inayopotea kwa mvua na jua. Mwaka 2022 kabla ya ruzuku mfuko ulipita laki moja. Hata kwa bei ya ruzuku ya elfu 70 ya msimu ule, mifuko mitatu ni laki mbili na kumi. Brazili wanalima soya mamilioni ya hekta kwa chanjo, urea hawaweki. Wale ni wafanyabiashara, hawalimi kwa mapenzi.

#15 Dalali wa Mazao
Kuna mwenye soya ya zamani stoo? Nachukua kuanzia gunia kumi.

#16 Jembe Halimtupi Mkulima
Dalali bwana, mgonjwa yuko wodini wewe unauliza bei ya jeneza.

#17 Dalali wa Mazao
Nisamehe mkuu. Ila mimi ndiye nitakayeinunua ikipona.

#18 Mkulima wa Namtumbo
Wakuu nimerudi, nimechimba tangu saa kumi na mbili asubuhi, mikono bado ina matope. Majibu haya hapa.

Ekari ya juu (yenye chanjo): kila mche una vinundu sita hadi kumi, vidogo kama punje ya mtama, vimetawanyika kwenye mizizi ya pembeni. Nikipasua, vingi ni vyeupe, vingine kijani. Vya waridi ni vichache.

Kwenye kichuguu: nimeshangaa. Mzizi mkuu, pale juu karibu na shina, umejaa vinundu vimeshikana kama kichala cha zabibu, vikubwa kama punje ya choroko. Nilipopasua kwa ukucha ukatoka maji mekundu kabisa, kidole kikabaki kama nimechinja kuku.

Zizini: majani mabichi lakini vinundu viwili, vitatu tu. Mche mmoja haukuwa na kitu.

Sasa ya chini (isiyo na chanjo): kati ya miche mitano, mitatu ni kama ya juu. Lakini miwili ina vinundu vikubwa vinne vinne kwenye mzizi mkuu, na ndani ni vyekundu! Hii imetokaje na mimi sikupaka?

#19 Udongo Mwekundu
Kazi nzuri sana mkuu, wachache wanachimba.

Wekundu huo ni dalili ya uzima. Ni kitu kinachofanana na damu yetu, kinashika oksijeni ili isiharibu kazi ya bakteria. Cheupe ndani maana yake bado kichanga au kina bakteria wavivu, kijani maana yake kimechoka. Na vinundu vikishikana juu kwenye mzizi mkuu, mara nyingi vimetokana na chanjo, kwa sababu bakteria walikuwa juu ya mbegu tangu siku ya kwanza. Vikitawanyika pembeni ni wa kienyeji waliokuwepo ardhini, mzizi umekutana nao baadaye.

Kwa hiyo kichuguu kimethibitisha kuwa paketi haikuwa mkaa. Bakteria walifika hai, angalau baadhi. Basi la Songea limeponea.

Zizi limethibitisha kuwa pale soya inakula naitrojeni ya samadi na imekataa kujenga vinundu. Hapo namrekebisha kidogo mzee wangu wa #12: fosforasi ipo, lakini aliyeleta ukijani ule ni naitrojeni.

Ya chini sina uhakika nayo. Uliichanganya wapi mbegu?

#20 Mkulima wa Namtumbo
Kwenye beseni. Nilianza na ekari ya juu, nikamaliza, kisha nikamimina mbegu ya ekari ya chini kwenye beseni hilohilo nikapanda.

#21 Fundi Mbegu
Basi huna ekari isiyo na chanjo. Beseni lilikuwa na masalia, mikono ilikuwa na masalia, hata jembe. Msimu ujao anza kupanda upande usiopakwa, umalize kabisa, ndipo ufungue paketi.

#22 Kayongo Toka Siaya
Ama ni maji ya mvua. Amesema moja iko juu na nyingine chini, mvua ikinyesha bakteria wanateremka na udongo.

#23 Udongo Mwekundu
Kayongo, kwa siku 52 naona ni mapema, ila miche hiyo miwili kama ilikuwa karibu na mpaka siwezi kukukatalia. Mkuu, ilikuwa mistari ya ngapi?

#24 Mkulima wa Namtumbo
Mmoja mstari wa nne kutoka mpakani. Mwingine uko mbali, karibu na mwisho wa shamba.

#25 Mama Soya Njombe
Kuna jambo jingine. Zipo soya ambazo hazichagui, zinakubali hata bakteria wa kienyeji wanaoishi na kunde na karanga. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, walizitoa, majina yake yanaanza na TGx. Kama mbegu yako ni ya damu hiyo, hutaona tofauti kubwa kati ya kupaka na kutopaka. Muulize aliyekuuzia.

#26 Mkulima wa Namtumbo
Mfuko ulikuwa umeandikwa "soya" tu, mama.

#27 Kijana wa Choroko
Samahani kuingilia. Mimi Gairo, nimechimba kunde zangu baada ya kusoma uzi huu, mizizi imejaa mafundo. Ina maana nina rizobia wengi?

#28 Fundi Mbegu
Angalia vizuri. Lisukume fundo kwa kidole gumba. Likidondoka kama upele ni kinundu. Kama mzizi wenyewe ndio umevimba na hakidondoki kitu, hiyo ni minyoo fundo, na ni ugonjwa.

#29 Kijana wa Choroko
Mzizi umevimba wenyewe. Daah.

#30 Fundi Mbegu
Pole. Fungua uzi wake, tutakuja.

#31 Jembe Halimtupi Mkulima
Wakuu, na mahindi je? Kuna jamaa anapita minadani na chupa ya maji ya kahawia, anasema bakteria wake wanaondoa urea moja kwa moja kwenye mahindi.

#32 Udongo Mwekundu
Mahindi hayajengi vinundu, usidanganyike. Wapo bakteria waitwao Azospirilumu wanaoishi kuzunguka mizizi ya nafaka, mama mmoja mtafiti kule Brazili, Johanna Döbereiner, aliwafanyia kazi kubwa. Wanasaidia mizizi kutanuka na wanaongeza naitrojeni kidogo. Mbolea unaweza kupunguza, si kufuta. Chupa isiyo na jina la bakteria, tarehe ya mwisho wala usajili, mwachie mwenyewe.

Faida ya rizobia kwa mahindi inapitia kwenye mzunguko: mwaka huu soya, mwakani mahindi. Na hata hapo, ukivuna soya kata shina, mizizi ibaki, na mabua yarudi shambani. Naitrojeni nyingi inaondoka na punje, ukiondoa na mabua umeliachia shamba mashimo.

#33 Kayongo Toka Siaya
Hapo kwa mzunguko naongeza. Huku tuna gugu la kayongo, nadhani ninyi mnaliita kiduha. Mizizi ya soya huamsha mbegu zake ziote, halafu zinakosa mahindi ya kunyonya, zinakufa. Mahindi yangu baada ya soya yalikuwa na kayongo kidogo sana. Kwangu hiyo faida ilizidi hata ya naitrojeni.

#34 Mtu wa Urea
Hii ya kiduha sikuijua. Nitaijaribu nusu ekari, nasema kweli. Lakini mleta uzi ana siku 53 leo. Mnampa nini avune?

#35 Bwana Shamba Mstaafu
Swali la haki. Fosforasi ya kumwaga juu sasa imechelewa, haitembei kwenye udongo. Chokaa nayo ni ya kabla ya kupanda. Apalilie, asikanyage mizizi, aiache. Maji yasituame, kinundu kikikosa hewa kinakufa.

#36 Mtu wa Urea
Mimi ningempa hata kilo kumi za urea pale palipo peupe kabisa.

#37 Udongo Mwekundu
Vinundu vikiwa vyeupe wakati wa maua, wapo wataalamu wanaokubaliana na wewe. Mimi bado nasita.

#38 Mkulima wa Namtumbo
*(Mei)*
Wakuu salaam, sikuwasahau. Nimevuna. Urea sikuweka, nilimsikiliza mzee. Ekari ya juu: gunia tatu na debe mbili. Ya chini: gunia tatu. Kando ya kichuguu nilipima hatua kumi kwa kumi nikavuna peke yake: nusu debe.

#39 Udongo Mwekundu
Hatua kumi kwa kumi tuseme mita nane kwa nane. Ekari inaingia mara 63. Nusu debe mara 63 ni debe 31 na nusu, gunia tano na zaidi. Shamba zima lingekuwa kama kichuguu ungevuna gunia mbili zaidi kila ekari.

#40 Kayongo Toka Siaya
Asidi. Nilisema.

#41 Bwana Shamba Mstaafu
Au fosforasi. Mchwa hawabebi kalisiamu peke yake.

#42 Mama Soya Njombe
Na maji pia, pale kichuguuni udongo unashika unyevu. Debe mbili za juu nazo zina maana, mwanangu, paketi moja haifiki bei ya hizo debe.

#43 Mtu wa Urea
Sehemu ya hizo debe mbili imetoka kwenye kichuguu, kipo ekari ya juu. Kiondoe kwenye hesabu uone kama chanjo inabaki na kitu.

#44 Mkulima wa Namtumbo
Mkuu hilo nililala nikiliwaza. Nimechota udongo mifuko mitatu, wa juu, wa chini na wa kichuguuni, nimeandika kwa kalamu ya wino kila mmoja. Imepanda basi jana kwenda kituo cha utafiti wa kilimo Uyole, Mbeya, kupimwa. Safari hii nimemwambia dereva aiweke nyuma, mbali na injini. Majibu yakifika nayaleta hapahapa.